Uume umeanza kupinda na kuna kitu kigumu kwa juu, hii ni nini wakuu?

Mkimya47:

Wakuu habari za mda huu. Nimefungua ID mpya kwa ajili ya hii ishu tu maana ile ya siku zote kuna watu wananijua, mtanisamehe.

Nina miaka 47, nimeoa. Miezi minne iliyopita nilianza kusikia maumivu kwenye uume lakini ukiwa umesimama tu, ukilala hakuna kitu. Mkojo unatoka fresh, hauchomi, hakuna usaha wala kidonda wala upele. Nikajua labda nimelalia vibaya nikapotezea. Baada ya kama wiki tatu ndo nikashtuka, ukisimama unapinda kwenda juu na kushoto kidogo, na miaka yangu yote ulikuwa umenyooka kama rula. Sasa hivi ndo umezidi. Afu nikipapasa kwa juu, katikati hapo, kuna kitu kigumu chini ya ngozi, ukubwa kama kifungo cha shati, ukikibonyeza kinauma. Na naona kama umefupika ila hapo sina uhakika labda ni wasiwasi wangu.

Nimeenda duka la dawa nikaeleza nusu nusu kwa aibu (muuzaji alikuwa binti mdogo), nikapewa antibayotiki za siku saba, nimemaliza hakuna kilichobadilika. Nikaingia kugugo, kila ukurasa wa pili unaniambia saratani, usingizi ukakata. Mke wangu sijamwambia, namkwepa tu kila siku nasema nimechoka, na yeye ameshaanza kuniuliza kama nina mtu mwingine.

Maswali yangu: hii ni saratani? Ni ugonjwa wa zinaa? Utanyooka wenyewe? Na kuna jamaa anauza mafuta ya kuchua anasema yananyoosha ndani ya siku 21, ninunue? Naombeni msaada, matusi wekeni pembeni kwa leo.

Bin_Utani:

Mkuu punguza presha, wa kila mtu umepinda kidogo, hakuna uume wa rula duniani hapa 😂

Mzee_wa_Kona:

Bin_Utani kaa pembeni kidogo. Kuzaliwa na kakona kake ni sawa, ila jamaa anasema ulikuwa umenyooka ukaanza kupinda ukubwani, unauma na una kigumu ndani. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Mkimya47 pole sana ndugu yangu. Jina langu hapa sikulichagua kwa bahati mbaya, hiyo kona nimetembea nayo. Ulichoandika ni kama umechungulia simu yangu ya miaka sita iliyopita, mi nilikuwa na 52. Hospitali waliniambia unaitwa ugonjwa wa Peyronie. Hilo ni jina la daktari wa upasuaji wa mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa, aliuandika mwaka 1743 na wagonjwa wake akawa anawatuma wakaoge maji ya chemchemi, kwahiyo usione aibu, wanaume wamekuwa wakihangaika na mambo yasiyosaidia tangu enzi hizo.

Saratani siyo, zinaa siyo, mkeo huwezi kumuambukiza. Ni kovu. Yaani ndani ya uume kuna mifuko miwili kama sponji inayojaa damu ndo unasimama, na hiyo mifuko imezungushiwa gamba gumu linalovutika. Kovu likiota sehemu moja ya lile gamba, pale hapavutiki tena. Chukua puto, bandika kipande cha plasta ubavuni afu lipulize, utaona litakavyokunja kuelekea kwenye plasta. Kovu lako liko juu ndo maana unapinda kwenda juu, na hata huo ufupi unaousema siyo wasiwasi wako, unatokea kweli.

Sasa sikiliza nilivyoharibu mimi ili wewe usirudie. Nilikaa mwaka na zaidi nimenyamaza. Nikanunua mafuta, nikameza vitamini E miezi mitano nikijiona nimetibiwa, ila ujinga mkubwa kuliko wote nilikuwa nakaa kwenye beseni la maji ya moto najaribu kuunyoosha kwa mkono kama fundi anayenyoosha nondo. Ukaniuma wiki nzima. Daktari alivyosikia akaniangalia akasema, mzee, kovu limetokana na jeraha na wewe ukawa unaongeza jeraha juu ya jeraha. Kwahiyo huyo mwenye mafuta ya siku 21 mwache na mafuta yake, hakuna cha kupaka juu ya ngozi kikalifikia lile gamba kikalinyoosha.

Tafuta daktari bingwa wa njia ya mkojo, yurolojisti. Wa ngozi hapana, duka la dawa hapana, na wale wa "nguvu za kiume" wapitie mbali. Na nenda sasa, usisubiri ukomae kama nilivyofanya mimi.

Tabibu_wa_Zamu:

Mzee_wa_Kona kaeleza vizuri kuliko baadhi yetu tunavyoeleza wodini. Mi nafanya kazi kitengo cha mkojo, naongeza mambo machache, ila kumbukeni simuoni mgonjwa, kupima kwa mkono kupo palepale.

Huu ugonjwa una vipindi viwili na matibabu yanafuata uko kipindi kipi. Cha kwanza ni kile kovu linapokuwa bado bichi: kuna maumivu, na mpindo unabadilika mwezi hadi mwezi. Mara nyingi kinachukua kati ya miezi 6 na 18. Cha pili kovu limetulia: maumivu yameisha au karibu yameisha na mpindo haujasogea kwa angalau miezi mitatu. Mkimya47 kwa maelezo yako uko cha kwanza bado. Maumivu kwa wengi sana yanaondoka yenyewe, hiyo ni habari njema. Kunyooka wenyewe hapo nisikudanganye, wachache tu wanapata nafuu, kama mmoja kati ya kumi hivi, waliobaki unabaki ulivyo au unazidi. Kwahiyo kusubiri nyumbani bila kupimwa ukitegemea utajirudi siyo mpango.

Daktari atafanya nini? Atauliza ilianzaje, kama unasimama vizuri au umeanza kulegea, kama unaweza kufanya tendo, kama una sukari, presha, unavuta sigara. Ataomba aone viganja vyako, usishangae. Kuna ugonjwa ndugu wa huu unaotengeneza makovu kiganjani mpaka kidole kinakunja hakinyooki, na wenye huo wanapata Peyronie zaidi ya wengine. Halafu atapapasa kovu. Shida ni kwamba ofisini umelala, mpindo hauonekani, ndo maana tunaomba mgonjwa aje na picha. Piga mwenyewe nyumbani ukiwa umesimama kikamilifu, moja kutoka juu na moja kutoka ubavuni, uso usionekane, weka kwenye folda yenye nywila. Kama picha haitoshi, hasa kabla ya opresheni, tunachoma sindano ndogo ya kuusimamisha hapohapo kliniki afu tunapima digrii kwa kipimo cha pembe, na ultrasaundi inaonesha kovu lilivyo, kama limeshaingia kalsiamu na damu inavyotembea. Damu ya kupima kinundu chenyewe hakuna, ila sukari pima, wengi wanagundulika na kisukari kwa njia hii.

Kuhusu vidonge: vitamini E, tamoksifeni, mafuta ya samaki, vimejaribiwa sana na mwongozo wa madaktari wa mkojo wa Marekani wa mwaka 2015 unasema wazi tusiwape wagonjwa kwa ajili ya hili. Dawa za maumivu jamii ya ibuprofeni zinasaidia maumivu tu (kama huna vidonda vya tumbo wala shida ya figo). Mashine za mawimbi ya mshtuko zinazotangazwa sana nazo ni hivyohivyo, zinaweza kupunguza maumivu ila kunyoosha hazinyooshi, usiuze kiwanja kwa ajili yake.

Vinavyogusa mpindo ni hivi. Kuna kifaa cha kuvuta, unavaa uume ukiwa umelala unavutwa taratibu, vya zamani masaa kadhaa kila siku na vipya vinatumia nusu saa mara moja au mbili, kinafaa hata kipindi cha kwanza na kinasaidia hata kwenye urefu, ila kinataka uvumilivu wa miezi. Kuna sindano za kwenye kovu: verapamili, interferoni, na ile ya kimeng'enya kinachomeng'enya kolajeni (protini inayojenga kovu) ambayo Marekani iliidhinishwa Desemba 2013 kwa wenye mpindo kuanzia digrii 30 na kovu linaloshikika. Kwenye majaribio yake mpindo ulipungua kwa wastani wa asilimia 34, waliochomwa sindano isiyo na dawa ukapungua 18. Kwahiyo inasaidia lakini siyo muujiza, nyingi zake hazipatikani kila mahali, na ina hatari ya gamba kupasuka. Halafu opresheni, ambayo hatufanyi mpaka kovu litulie. Mtu akikuahidi opresheni leo wakati mpindo bado unasogea, mkimbie.

Na hili nalisema kwa wote wanaosoma kimyakimya. Ukiwa kwenye tendo ukasikia "pah", uume ukalegea ghafla, ukavimba na kuwa mweusi, hiyo siyo Peyronie, gamba limepasuka, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Na uume ukisimama zaidi ya masaa manne haulali nayo ni dharura. Kinundu chenye kidonda juu ya ngozi, kinachotoa harufu au damu, hicho nacho kiende kwa daktari haraka maana hapo saratani ndo tunaifikiria.

Kijana_24:

Samahani nadandia uzi. Mimi wangu umepinda kwenda chini tangu nimebalehe, hauumi, hakuna kigumu popote, ila nikiangalia mitandaoni naona kama nina tatizo. Ni hii hii?

Tabibu_wa_Zamu:

Hapana kijana. Huo ni wa kuzaliwa, upande mmoja wa gamba umekua kuliko mwingine, kovu hakuna na kwa kawaida hauendelei kuzidi. Kama tendo linawezekana bila kumuumiza mtu achana nao. Kama haliwezekani unanyooshwa kwa opresheni, na hata ile opresheni maarufu ya Nesbit ya mwaka 1965 ilianzia kwa watu wa aina yako kabla haijahamishiwa kwa kina Mzee_wa_Kona.

Mama_Wawili:

Mi ni mwanamke naomba niongee na Mkimya47 tu, madaktari wamemaliza upande wao.

Kaka yangu, mwambie mkeo. Leo. Mume wangu alinificha kitu hichihichi miezi tisa. Tisa! Alikuwa anaingia kulala mimi nikishasinzia, akibadilisha nguo anajifungia bafuni. Unajua nilichokuwa nawaza? Nilishakagua simu yake mara ngapi sijui, nilishamchukia mwanamke ambaye hata hayupo, nilianza kujiangalia kwenye kioo nikajiona nimezeeka. Siku alivyonionesha nililia, na nilichokuwa nalilia siyo ule mpindo, ni ile miezi. Afu nikamkasirikia tena wiki nzima kwa kuniacha niteseke bure, kwahiyo jiandae na hilo pia, utanuniwa kidogo halafu itapita.

Faida nyingine ya kumwambia ni kwamba mnatafuta mkao. Ile ya mwanamke juu ndo iliyokuwa inatuogopesha maana ikiteleza uzito wote unaangukia pale, daktari akasema tuiache, twende ubavu taratibu, vilainishi vingi, na ikiuma tunasimama bila mtu kumlaumu mwenzie. Wake wengi watalielewa hili vizuri tu, ukimya ndo hatuuelewi.

Msomaji_Tu:

Mzee_wa_Kona ulimaliziaje wewe? Opresheni? Na hivi ni kweli wanaukata unabaki mfupi??

Mzee_wa_Kona:

Nilikuwa nasubiri hilo swali 😅

Hawakati uume jamani. Wangu ulitulia kwenye digrii 50, miezi 16 tangu uanze. Nilikuwa bado nasimama vizuri bila dawa, hiyo ni muhimu maana ndo inaamua opresheni gani. Daktari akanichorea kwenye karatasi: ya kwanza ni kukunja na kushona upande wa pili, ule mrefu, mpaka ulingane na ule wenye kovu. Ni nyepesi, unanyooka vizuri, ila unalipa kwa urefu. Ya pili wanachana kovu wanaweka kiraka, hiyo ni kwa wenye mpindo mkubwa kama digrii 60 na zaidi au wenye kiuno katikati kama chupa, urefu unaokoka zaidi lakini hatari ya kushindwa kusimama baadaye ni kubwa. Ya tatu kwa wale ambao hata vidonge havisimamishi tena, wanawekewa kifaa cha ndani cha kuusimamisha, na hao mpindo na kusimama vinatibiwa kwa pamoja.

Nikachagua kushona. Nilipoteza kama sentimita mbili hivi kwa rula yangu, na ukweli ni kwamba mwezi wa kwanza nilijuta. Kichwa cha uume kilikuwa na ganzi, nyuzi nilikuwa nazisikia chini ya ngozi kama vifundo, na wiki sita hakuna kugusana na mtu. Ile kusimama ya alfajiri ukiwa na mshono mpya, acha tu, niliamka nikatembea sebuleni kama askari wa zamu kila usiku. Ganzi iliisha mwezi wa nne. Leo una kakona kadogo kama digrii kumi, unafanya kazi, na mke alisema hiyo hesabu ya sentimita naijua mimi peke yangu.

Ila wapo niliokaa nao foleni pale ambao mpindo wao ulikuwa digrii 20 hivi, maumivu yakaisha, tendo linawezekana, daktari akawaambia nendeni nyumbani hamhitaji kitu, na wakaenda kweli. Usiende pale ukijua lazima uchanwe.

Bin_Utani:

Nimesoma uzi wote nimenyamaza. Mkuu Mkimya47 samahani kwa ule utani wangu wa mwanzo. Na mi nina kidole cha pete hakinyooki mwaka wa pili huu, Tabibu hapo kwenye viganja umenishtua.

Tabibu_wa_Zamu:

Usitishike, wengi wenye kidole hicho hawapati Peyronie. Kipeleke tu kwa daktari wa mifupa na mikono akuone kabla hakijakunja zaidi.

Mkimya47:

Wakuu nimerudi, ni wiki tatu zimepita. Kwanza nilimwambia mke, usiku uleule niliosoma ujumbe wa Mama_Wawili. Sikuweza kuongea kwahiyo nilimpa simu asome uzi huu kuanzia juu. Alisoma kimya muda mrefu afu akaniuliza "Mkimya47 ndo wewe?" Nimenuniwa siku nne, siyo wiki, kwahiyo nimepona mapema.

Hospitali tulienda wote. Picha nilipiga kama alivyosema Tabibu, daktari hata hakushangaa, alisema wengi wanakuja mikono mitupu afu anaanza kuhangaika kuwachora. Kapapasa, kaangalia viganja (nilicheka mwenyewe, hakujua kwa nini), kanipeleka ultrasaundi. Kovu moja, bado halina kalsiamu, mpindo digrii 35. Kasema ni Peyronie, kipindi cha kwanza, opresheni tusiiongelee kwa sasa. Kanipa dawa ya maumivu ya siku chache, kifaa cha kuvuta nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, picha mpya kila mwezi kwa pembe ileile, na nirudi baada ya miezi mitatu.

Kitu ambacho sikutegemea ni sukari. Ilisoma 9.1 nikiwa sijala kitu tangu usiku, wakarudia siku nyingine ikasoma 8.8. Kwahiyo nimeingia kwa ajili ya mpindo nimetoka na kisukari mkononi, na kusema kweli hicho ndo kimenikalisha chini zaidi. Daktari anasema kisukari kisiposhikwa na kusimama kwenyewe kutakuja kuleta shida, kwahiyo nimeanza dawa na sigara nimeacha siku ya kumi na moja leo.

Swali moja limebaki, Mzee_wa_Kona au yeyote aliyetumia hiki kifaa: ngozi nyuma ya kichwa inakuwa nyekundu na inawasha nikikivua, ni kawaida au nakikaza sana?

Mzee_wa_Kona:

Hongera sana ndugu, na pole kwa sukari. Mi nilitumia kile cha masaa mengi baada ya opresheni kuokoa urefu. Wekundu unaopotea ndani ya nusu saa haunisumbui, ila ukibaki mpaka kesho yake, au kichwa kikiwa cha baridi au cha bluu ukiwa umevaa, umekaza kupita kiasi, vua palepale. Wiki mbili za mwanzo legeza, funga kwanza kitambaa laini au bandeji nyembamba kwenye ile shingo ndo ukaze. Na kwa kuwa una sukari ikikuchuna ngozi usiendelee juu ya kidonda, pumzisha mpaka kipone na umpigie daktari.

Mkimya47:

Nilikuwa nakaza mpaka mwisho. Nalegeza leo jioni.